Kwa nini gemu ya miaka 20 bado haijachuja

Swali: "Dada habari za kazi. Mimi niko Tanga, nilianza kucheza World of Warcraft 2012 nikiwa chuo, nikaacha 2019 kwa hasira kidogo, saivi nina kazi na mtoto wa miaka mitatu. Washkaji wa zamani wananisumbua nirudi, wanasema gemu imebadilika. Sasa nauliza, gemu ya tangu 2004 inawezaje kubaki na utamu kwa mtu aliyeizoea mpaka ramani ziko kichwani? Hizi ekspansheni zinafanya nini hasa, au ndo mbinu ya kutukamua hela kila baada ya miaka miwili?"

Jibu:

Salama kabisa mdogo wangu, hongera ya mtoto.

Nianze na kipande cha mwisho maana hicho hakina mjadala: ndio, ni mbinu ya kukukamua hela. Gemu ya aina hii, ya mtandaoni inayochezwa na maelfu ya watu pamoja, ina seva zinazowaka usiku na mchana, ina watu wa kulipa mishahara, na wachezaji wakishamaliza kila kitu wanakata ada ya mwezi, mmoja mmoja, kimyakimya, kwa hiyo kila baada ya muda lazima kitoke kitu cha kuuza, ndo hizo ekspansheni, nyongeza kubwa za gemu. Imekuwa hivyo tangu enzi za EverQuest, mkongwe wa gemu hizi, ilitoka Machi 1999 na kufika Aprili 2000 tayari ina ekspansheni ya kwanza, The Ruins of Kunark, na hawajaacha mpaka leo, wameshavuka 30. Ila kukamuliwa hakuelezi kwa nini mtu mzima mwenye familia anaomba ruhusa kazini siku ya uzinduzi. Muuza mandazi naye anataka hela yako, kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini unampita wa jirani unaenda kwake.

Wengi watakujibu ni vitu vipya. Ramani mpya, bosi wapya (maadui wakubwa), levo zimeongezwa. Kwangu hilo ni nusu jibu, maana kuna ekspansheni zilikuja na vitu vipya kibao na watu wakakimbia. Ninachoamini mimi, na nimecheza hizi gemu tangu 2006, ni kwamba ekspansheni nzuri inamrudisha mkongwe kuwa mgeni bila kumvua alichokuja nacho. Ngoja nikuoneshe kwa usiku mmoja.

Januari 2007, nlikuwa Uingereza nasoma, usiku The Burning Crusade, ekspansheni ya kwanza ya Warcraft, inatoka. Tukapanga foleni dukani saa sita usiku kununua boksi, sisi na baridi yetu, afu nikakimbia nalo hosteli. Mpaka hapo nlikuwa paladini (askari mtakatifu) wa levo 60, na 60 ndo ilikuwa mwisho, nimevaa gia, yaani nguo na silaha, ya zambarau, rangi ya vitu adimu, niliyoitoa Molten Core. Wewe wa 2012 hujui adha yake. Ile ilikuwa reidi, vita vya kundi kubwa dhidi ya bosi, ya watu 40, kila wiki mnakusanyika 39 mnamsubiri mmoja ameenda kuangalia tambi jikoni, bosi anakufa anadondosha vitu viwili vitatu, watu 40 mnavigombania, miezi na miezi ndo unapata suruali moja. Basi nikapita Dark Portal, lile lango kubwa la mawe, nikatokea Hellfire Peninsula, ardhi nyekundu imepasukapasuka na ukitazama juu hakuna mbingu ya kawaida, ni anga la nyota tu linazunguka. Nikafanya kazi mbili tatu za mwanzo pale, nikapewa suruali ya kijani. Kijani, rangi ya vitu vya kuokota njiani! Na namba zake zilikuwa karibu zinaipita ile yangu.

Nikanuna kama dakika tano. Dakika ya sita skrini ikaanza kutikisika, nikadhani laptopu inakufa, nikasikia mlio kama honi ya meli inayoingia bandarini, nageuka, kuna mguu. Mguu tu ndo naouona, wa chuma, mrefu kuliko nyumba. Lile dude linaitwa Fel Reaver, levo 70, linazunguka bonde zima na halina haraka, na nlikufa kabla sijabonyeza kitufe hata kimoja. Nikiwa maiti nikaangalia pembeni, kuna maiti nyingine kama kumi, na katika hizo walikuwemo watu wa gildi (chama cha wachezaji) kubwa kabisa ya seva yetu, wale ambao mjini wanakupita hawakusalimii. Wote tumelala kifudifudi tunachekana kwenye chati.

Nafikiri unanielewa. Ukishacheza miaka miwili gemu inakuwa kama njia ya kwenda kazini, unafika na hukumbuki umepita wapi. Unajua bosi gani atafanya nini sekunde ya ngapi, unajua uchumi wa mnada, unajua nani ni nani. Ekspansheni inakunyang'anya ule ujuaji kwa wiki chache, na inaunyang'anya kwa wote siku moja, ndo maana seva inachangamka vile, sio kwa sababu ya mandhari. Yule mkubwa wa gildi anakuuliza wewe pango liko wapi. Mtu aliyejiunga wiki iliyopita na mtu wa miaka mitatu wanaulizana njia.

Sasa tatizo ni kwamba dawa hii inapungua nguvu kila ukiinywa. Siku hizi ekspansheni inafanyiwa majaribio hadharani miezi kadhaa kabla, kila bosi ana video, kila njia imeshachorwa, ule ugeni uliodumu wiki tatu saivi unadumu wikiendi moja. Na levo nazo haziwezi kupanda milele. Warcraft ilitoka 60 ikaenda 70, 80, 85, 90 kwenye Mists of Pandaria, ekspansheni yako ya 2012, 100, 110, ikafika 120 wakati wewe unaondoka, na mtu mpya akiangalia ile ngazi anakata tamaa kabla hajaanza, kwa hiyo 2020 na ekspansheni ya Shadowlands wakaishusha yote, waliokuwa 120 wakawa 50 na mwisho mpya ukawa 60. Namba za nguvu na damu walikuwa wameshazikata tangu 2014 maana mapigo yalifika mamia ya maelfu na bosi ana mamilioni kwa mamilioni, hakuna mtu anaweza kuzisoma katikati ya vita. Ni kama hela inayokatwa sifuri.

Halafu kuna ile sehemu ya pili, ya kutokumvua mtu. Hapa nibashiri: wewe uliacha 2019 kwa sababu ya mkufu. Nimepatia?

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze. Ekspansheni ya Legion ilitoka Agosti 2016 na kila mchezaji akapewa silaha yenye jina na historia. Mimi paladini wa kushambulia nikapewa Ashbringer, panga ambalo tulikuwa tunalisikia kwenye masimulizi ya gemu tangu mwanzo, nusura nilie. Miaka miwili nalilisha lile panga nguvu kila siku kama ng'ombe wa maziwa, na kila likipanda napata uwezo mpya, mikono yangu ikazoea mdundo wake. Agosti 2018 inakuja Battle for Azeroth, nguvu zote za panga zimezimwa, shika mkufu huu unaitwa Heart of Azeroth, anza kuujaza. Umemaliza kuujaza, kila baada ya muda kunakuja kiwango kingine cha kujaza. Afu Shadowlands nayo ikaja na mfumo wake na ule wa mkufu ukafa. Wachezaji wenyewe wakaibatiza nguvu ya kuazima, na jina lilikaa.

Utaniuliza, dada, si hata ile suruali ya zambarau waliitupa? Waliitupa ndio, ila suruali ni namba, kila mtu anajua nguo inachakaa, na upaladini wangu sikunyang'anywa, niliingia Hellfire na vitufe vyangu vyote na nikaongezewa vingine. Panga lilipozimwa niliamka asubuhi mhusika wangu anapiga polepole kuliko jana, yaani miaka miwili ya kazi imenifanya mzito. Hapo mkongwe hawi mgeni, anakuwa mtu aliyefilisika. Tofauti ni kubwa sana na ilichukua kampuni miaka kama sita kuikubali. Dragonflight ya Novemba 2022 wakaachana na mambo ya kuazima, wakarudisha miti ya vipaji ya zamani, michoro ya kuchagulia uwezo wa mhusika wako, kwa sura mpya, na uwezo unaouchagua pale unabaki wako ekspansheni ikipita.

Kuna wenzao waliliona hili mapema zaidi. Guild Wars 2 ilitoka Agosti 2012 na levo 80, na mpaka naandika hapa levo ya mwisho ni 80. Hawajawahi kuipandisha. Gia ya juu uliyotengeneza miaka kumi iliyopita bado unaingia nayo vitani leo na hakuna anayekucheka. Sasa wanauza nini? Wanauza miguu. Ekspansheni ya kwanza, Heart of Thorns, 2015, wakaleta kuruka kwa mabawa ya kitambaa unajirusha mtini unaelea. Ya pili, Path of Fire, Septemba 2017, wakaleta wanyama wa kupanda, na sio farasi wa kukuongezea mwendo tu kama gemu nyingine, kila mnyama ana mwili wake: kuna mjusi anayeruka mbele bonde zima, kuna sungura mkubwa anayejikunja afu anaruka juu mpaka kwenye mwamba, kuna taa wa baharini anayeelea juu ya maji, kuna mbweha anayepotea hapa anatokea kule. Mimi siku nilipopata yule sungura sikwenda jangwani kwenye ramani mpya niliyoilipia, nilirudi Queensdale, ramani ya wanaoanza, niliyoizunguka 2012 mpaka nikaichoka. Hawajaongeza jiwe pale. Lakini kila ukuta niliokuwa nauzunguka dakika tatu sasa naupanda, juu kuna kona sikuwahi kuziona. Ni kama mtu aliyezoea daladala akapewa bodaboda, mji ni ule ule ila vichochoro vyote ni vipya.

Kwangu hii ndo mbinu bora kuliko zote na ni ya bei rahisi kwa mtengenezaji, kinachobadilika ni mkono wa mchezaji na dunia yote ya zamani inapata maisha mapya bure. Warcraft nao walikuja kuiga, ule urukaji wa joka wa Dragonflight, unaopiga mbizi kutoka juu ili upate kasi, mwanzoni ulikuwa visiwa vipya tu, baadaye wakauruhusu mpaka mabara ya zamani.

Kwa upande wa kurudisha vya zamani Final Fantasy XIV ndo mabingwa. Kule kuna kitu wanaita ruleti, ukitaka malipo mazuri ya siku unabonyeza na mashine inakutupa danjeni (pango la maadui la kundi dogo) yoyote uliyoifungua, inaweza kuwa ya 2013, na levo yako inashushwa ilingane na ya danjeni, kwa hiyo mtu wa miaka kumi anajikuta na chipukizi wa jana wanapigana na bosi yule yule na hatari ni ya kweli. Chipukizi hakosi wenzake, mkongwe halipuuzi la zamani, na ukiongeza ekspansheni mpya hujaua zile za nyuma. Kule hadithi pia ni mstari mmoja kuanzia 2013, Endwalker ya Desemba 2021 ilipokuja kufunga safu nzima ya miaka minane foleni za kuingia zilikuwa ndefu mpaka ikabidi wasimamishe kuuza gemu kwa muda. Fikiria, duka linakataa hela! Na mkuu wao Naoki Yoshida amesema wazi zaidi ya mara moja kwamba ukimaliza yaliyopo nenda kacheze gemu nyingine, utarudi. Wengi wanarudi kweli, labda kwa sababu hawajachoshwa mpaka mfupani.

Warcraft nao siku hizi wanachanganya, msimu wa kwanza wa Dragonflight danjeni za kushindana na muda zilikuwa nane, nne mpya na nne za zamani, na mojawapo ilikuwa Temple of the Jade Serpent. Hiyo utaikumbuka, ndo danjeni ya kwanza ya Mists. Washkaji zako wameirudia na saa ikihesabu na kila wiki kuna balaa tofauti limeongezwa humo ndani.

Ila ukigusa vya zamani uwe na adabu. Cataclysm ya Desemba 2010 walivunja dunia nzima, joka limepita na moto, Barrens imepasuliwa katikati, Thousand Needles korongo lililokuwa kavu limejaa maji mpaka watu wanatembea kwa boti, kazi nyingi za mwanzo zimeandikwa upya. Kwa ufundi ilikuwa kazi kubwa kweli. Miezi michache kabla gemu ilikuwa imefika wachezaji milioni 12, kilele chake, na haikurudi tena pale. Sisemi sababu ni hiyo peke yake, lakini watu walilia na ile dunia iliyopotea mpaka mwisho kampuni ikaitengeneza upya kama ilivyokuwa, Classic, Agosti 2019, na mimi nlikuwepo kwenye foleni ya kuingia, mtu mzima, nasubiri kurudi mahali nilipokuwa napaita pachosha 2006. Mkongwe anataka apate mshangao na anataka akirudi nyumbani akute sufuria iko pale pale. Yote mawili kwa pamoja. Anasumbua, najua, mimi ni mmoja wao.

Na kosa lingine ni kuwatenganisha watu. Warlords of Draenor, Novemba 2014, mauzo yalipaa, wachezaji wakapita tena milioni 10, na kufika mwisho wa Machi 2015 wamebaki milioni 7.1, kufika Septemba 5.5, baada ya hapo kampuni ikaacha kabisa kutangaza idadi. Wewe ulikuwepo, unakumbuka ilivyokuwa: kila mtu na kambi yake, una mgodi wako, bustani yako, wafuasi wa kuwatuma kazi, unaingia jioni unakusanya unatoka, humkuti mtu. Vitu vipya vilikuwa vizuri tu. Mji ndo ulikuwa mtupu. Gildi yangu ya pili ilikufia kwenye zile kambi, hatukugombana, tuliacha tu kukutana.

Old School RuneScape nitaitaja kwa sababu inachezeka kwenye simu tangu 2018 na haimalizi bando. Wao ekspansheni za kununua hawana kabisa, wanaongeza polepole na kila kitu kikubwa kinapigiwa kura na wachezaji kwanza, zamani ilitakiwa asilimia 75 wakubali, sasa ni 70. Matokeo yake wakongwe wanailinda ile gemu kama mali ya ukoo, na vitu vingine vizuri vimekataliwa kwa sababu tu watu waliogopa. Kila njia na gharama yake.

Sasa wewe. Kwa mtu wa kazi na mtoto, usinunue ekspansheni mpya siku ya kwanza. Lipa ada ya mwezi mmoja tu, hiyo peke yake inakufungulia ekspansheni za nyuma, anza na Dragonflight uone kama ule urukaji unakugusa, usipokugusa wikiendi ya kwanza basi umeokoa hela. Ukinogewa nenda The War Within ya Agosti 2024, mwisho wake levo 80, na humo kuna Delves, mapango mafupi unaingia peke yako au na wenzako mpaka watano, kama uko peke yako unasindikizwa na Brann Bronzebeard ambaye anaongea sana lakini anapigana, na unaweza kupata gia ya maana humo bila kumuahidi mtu saa tatu za usiku. Nadhani walikaa chini wakagundua vijana wa 2004 wamekuwa baba za watu. Hata sifa unayojijengea kwa makundi ya gemu, na benki, sasa wahusika wako wote wanachangia, hutarudia kazi ile ile mara nne.

Suala la pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda seva na kurudi: seva za karibu na sisi kwa Warcraft ni za Ulaya, mimi Dar napata kama milisekunde 180, kwa Delves na danjeni za kawaida haisumbui, kwa kupigana na watu utaumia. Na kuna danjeni siku hizi unaweza kuingia na wafuasi wa kompyuta badala ya watu, mtoto akilia unasimama tu unaenda, hakuna wa kukutukana. Kupakua anza usiku, bando la usiku, ni gigabaiti nyingi.

Na ukifungua mhusika wako ukakuta yuko levo 50, hujaibiwa, ndo ile 120 yako. Mkufu utakuwa bado uko shingoni. Uvue tu.